Shangazi, nimelipia bahari, nimefika bahari haipo

Shangazi shikamoo. Naomba jina langu lisitoke, niite tu Mama Watatu wa Moro, maana mama mkwe huwa anasomewa hii safu na binti yake na sitaki kesi nyingine juu ya niliyonayo.

Nakuandikia saa sita usiku, nimekaa kibarazani huku Jambiani, wenzangu wote wamelala mi usingizi hamna. Tangu mwaka jana mwezi wa kumi nilikuwa naweka hela kwenye kibubu, siku elfu tano, siku buku mbili, siku biashara mbaya siweki kitu. Mi ni mama lishe, mwaka wa tisa huu. Nikasema likizo hii ya mwezi wa sita lazima wanangu waione Zanzibar, na mama mkwe naye twende naye, ana miaka sitini na nane hajawahi kuona bahari zaidi ya ile ya Feri pale Dar.

Hoteli nilipiga hesabu nikaona siwezi, tuko watu sita. Ndo nikaona tangazo Instagram, apatimenti ya vyumba viwili, sebule, jiko kamili, AC, wifi, hatua chache kutoka baharini, na picha ya maji ya bluu yamefika mpaka kwenye ngazi. Laki na ishirini kwa usiku, usiku tano laki sita. Nikatuma zote kwa mpigo, najua utanigombeza.

Alhamisi tukapanda SGR Moro vizuri tu, hiyo ndo sehemu pekee ya safari ambayo hakuna aliyelalamika. Dar tukakamata boti ya saa kumi. Shangazi mawimbi! Mama mkwe ametapika kuanzia tunaiacha bandari mpaka tunafika, kila akiinua kichwa ananiangalia mimi kama mimi ndo naendesha boti. Tukashuka bandarini Malindi, hapo Unguja mjini, giza linaingia, tukakodi Noah mpaka huku, tumefika saa mbili usiku geti limefungwa, mwenye nyumba simu inaita hapokei. Tumekaa nje nusu saa na mabegi, mwezi uko juu mkubwa kama sinia, upepo unapiga, mwanangu wa mwisho analia njaa. Ndo akatokea kijana msimamizi na funguo, na kabla hajafungua anasema kuna dhamana ya vitu laki moja na hela ya usafi elfu thelathini. Sijaambiwa popote! Mume wangu akawaka, mi ili tuingie ndani nikampa elfu hamsini mkononi, risiti hakuna.

Tumeingia tukawasha AC vyumba vyote viwili, dakika arobaini giza totoro. Kijana anasema yuniti zimeisha, umeme tunanunua wenyewe. Naingia kwenye simu nanunua LUKU, inakataa namba ya mita, naweka tena inakataa, saa nzima, mpaka nikalala na jasho langu. Neti moja ina tundu anapita paka.

Asubuhi nakwenda jikoni mtungi wa gesi mtupu. Kijana akaleta jiko la mkaa, nikachota maji bombani nikachemsha chai ya tangawizi safi kabisa, mama mkwe akanywa funda moja akaweka kikombe chini, akasema kwa sauti ya kusikika, "Watu wanauza chakula miaka tisa, sukari na chumvi hawatofautishi." Shangazi sijaweka chumvi! Maji ndo yana chumvi! Nimeoga nayo sabuni haitoi povu hata kidogo, nywele zimekuwa kama fagio la chelewa.

Basi nikasema twende tu tukaoge baharini, hiyo ndo iliyotuleta. Saa nne asubuhi watoto na maboya yao shingoni tunatoka nje, bahari hamna. Hamna Shangazi. Ni mchanga na madimbwi na mitumbwi imelala ubavu, maji unayaona kule mbali kama mstari. Wa pili wangu akauliza, "Baba, na bahari nayo imeisha yuniti?" Mume wangu hakucheka. Kasema "laki sita kwa ajili ya matope" na tangu hapo hajaongea na mimi.

Mchana wote tukashinda Paje, kijiji cha jirani, tunatafuta sehemu nyingine, kila mlango wanakutajia dola. Tumerudi saa mbili usiku tumechoka, yule kijana eti ananiambia jioni maji yalifika mpaka ngazini, nikaona ananidhihaki. Mwenye nyumba kajibu mara moja tu, kasema "nitakuangalia dada". Mabegi bado yapo mlangoni yamefungwa zipu vilevile, mume wangu kasema kesho tunaondoka hata kama ni kulala bandarini. Mi nataka hela yangu yote irudi. Nimetapeliwa au sijatapeliwa? Nianzie wapi Shangazi?

*Mama Watatu, Moro*

---

Marahaba mwanangu. (Wasomaji, huyu nilimjibu usiku uleule maana angesubiri zamu yake kwenye safu angekuwa kesharudi Moro na talaka mkononi. Naweka hapa kwa ruhusa yake.)

Mimi ni mtu wa Makunduchi, hapo kusini yako tu, na miaka mingi nimekodisha vyumba viwili vya uani kwa wageni, kwahiyo nitakusema wewe na nitamsema na huyo mwenye nyumba, kila mtu kwa haki yake. Ila kabla ya yote hebu nenda mlangoni ulete yale mabegi ndani uyafungue. Sasa hivi, kimyakimya, usiamshe mtu. Nguo za watoto weka kabatini, khanga ya mama mkwe tundika pale ataiona akiamka. Mmelala siku mbili kwenye nyumba mliyoilipia mmekaa kama watu wa stendi, na mtu aliyekaa kistendi kila kitu kinamuudhi mpaka mlio wa jogoo.

Tuje kwenye bahari. Hiyo hujatapeliwa. Pwani yote ya mashariki ya Unguja, kuanzia kwetu Makunduchi, Jambiani, Paje, mpaka Bwejuu kwenda juu, ndivyo ilivyo, kuna mwamba kule mbali unaona povu jeupe, na kati ya mwamba na nyumba yako ni kina kifupi tu, maji yakipwa yanatoka yote. Mara mbili kwa siku yanajaa mara mbili yanakupwa. Na wewe mwenyewe umenipa jibu bila kujua, umesema mwezi ulikuwa kama sinia. Mwezi ukijaa, na ule usiku usio na mwezi kabisa, ndo siku za bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Sisi huku tumekua tunajua, bamvua maji yamejaa saa kumi, saa kumi ya alfajiri na saa kumi ya jioni, saa nne unatembea mpaka karibu na mwamba. Kila siku inayofuata yanachelewa kidogo, kama dakika arobaini mpaka saa nzima, na baada ya wiki mambo yamegeuka, saa nne ndo kumejaa, ila hapo ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana.

Kwahiyo piga hesabu. Ijumaa saa nne ulitoka na maboya ukakuta mchanga, sawa kabisa. Na saa kumi na moja kasoro jioni, wakati nyie mko Paje mnatajiwa dola, bahari ilikuwa mlangoni kwenu kama kwenye picha. Yule kijana hakukudhihaki mwanangu, alikuwa anakupa habari.

Leo Jumamosi itajaa kama saa kumi na moja na nusu jioni. Waingize watoto majini kuanzia saa tisa na nusu, saa kumi hivi, mpaka jua linazama. Na asubuhi ukiwaamsha saa kumi na mbili utayakuta bado yapo ya kutosha, yametulia, jua linatokea hapohapo mbele yako baharini. Mume wako mpe kikombe cha chai mkononi umkalishe kwenye ngazi, usimwambie kitu, mwache aone mwenyewe.

Na ile saa ya matope, ndo saa nzuri kuliko zote kwa mama mkwe. Hawezi kuogelea, sivyo? Mvalishe makubadhi (na nyie wote vaeni viatu, kuna vile viduara vyeusi vyenye miiba, ukikanyaga safari imeisha), mtoke naye maji yanapoendelea kutoka. Mtawakuta kinamama kwenye mashamba ya mwani, wamefunga kamba kwenye vijiti. Kilimo hicho kilianza hapo hapo Paje na Jambiani mwaka 1989, watoto wengi wa huku wamesomeshwa kwa ule mwani. Msipite katikati ya kamba, pita pembeni kama unavyopita pembeni ya shamba la mtu. Salimia kwanza, afu mwache mama mkwe apige stori na wazee wenzie, mtu wa Moro anayejua jembe hawezi kukosa la kuuliza. Wengine mtawaona na vijiti wanatafuta pweza kwenye mashimo, na huyo ndo chakula chako cha mchana, nunua palepale bado ananyonya mkono. Ila maji yakianza kugeuka rudini, msisubiri kuambiwa. Yanaingia kwa mikondo, unaona mbele pakavu kumbe nyuma yako kumeshajaa.

Haya, maji ya bomba. Hapo pia hakuna mwizi. Sisi huku tumekaa juu ya jiwe la matumbawe, visima vya karibu na pwani vina chumvi, nyumba nyingi za ufukweni ndo maji yake hayo. Ila mwenye nyumba mwungwana anamwambia mgeni, na anamwekea dumu la maji ya kunywa siku ya kwanza, huyu hakufanya na hilo ni deni lake. Nunua maji ya kunywa dukani, zile chupa kubwa, hayo ndo ya chai na wali, bombani ni kuoga na kuosha. Sabuni za kawaida zitakushinda, ulizia madukani sabuni ya mafuta ya nazi, hiyo inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Nywele malizia na kopo moja la maji matamu. Na kesho asubuhi pika chai ya maji ya dukani, muwekee mama mkwe vikombe viwili, cha bomba na cha dukani, aonje mwenyewe, usijitetee hata kwa neno moja.

Umeme sasa, hapa umenichekesha. LUKU ni ya TANESCO huko kwenu. Huku mita ni za ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, watu wanaita TUKUZA, kwenye simu yako tafuta ZECO kwenye malipo ya umeme, au mpe kijana hela akununulie dukani. Na mwanangu AC mbili usiku mmoja mwezi wa sita za nini? Hili ni kusi linavuma, ndo hilo lililomtapisha mama mkwe kwenye boti. Fungua dirisha la mbele na la nyuma, washa pangaboi, saa nane usiku utatafuta shuka. AC iache kwa watu wa mwezi wa pili.

Sasa tumgeukie mwenye nyumba, maana msidhani nitamwacha.

Gesi tupu, neti yenye tundu la paka, dhamana na hela ya usafi ambazo hazikutajwa, umeme kujinunulia bila kuambiwa, mgeni kufika saa mbili usiku simu haipokelewi. Haya yote ni makosa yake na hakuna la kujaa na kupwa hapo. Mimi nilipokuwa nakodisha, mgeni akichelewa nilikuwa nakaa kibarazani na taa mpaka afike, na uji jikoni. Biashara ya kumpa mtu ufunguo ndo biashara yenyewe, ukishindwa hiyo basi kauze mkaa.

Lakini usidai laki sita yote. Utaipigia kelele hiyo laki sita siku tatu zilizobaki na utarudi nayo Moro ikiwa bado kelele. Umelala usiku mbili, utalala tatu nyingine kwasababu huna pa kwenda kwa bei hiyo, Paje umeshaiona. Dai kile ambacho kimepungua, na udai kwa maandishi. Asubuhi piga picha mtungi, neti, na namba ya kwenye mita, mtumie WhatsApp zote kwa pamoja na ujumbe mmoja mfupi, usiandike kwa hasira na usitume sauti. Mwambie hivi: nimekuta gesi hakuna, neti mbovu, tangazo lako halikutaja dhamana, usafi wala umeme. Naomba gesi leo kabla ya saa sita mchana, neti nyingine, na ile elfu hamsini niliyompa kijana wako tukubaliane kwa maandishi kwamba ni dhamana na nitarudishiwa siku ya kuondoka, na hela ya usafi silipi maana haikuwepo kwenye makubaliano. Basi. Usiongeze "mmenitapeli" wala "nitawaanika mtandaoni", mtu akitishiwa anafunga mlango, na tishio limebaki mkononi mwako ukilihitaji.

Gesi isipofika saa sita, nunua mwenyewe, weka risiti, mwambie unakata kwenye lolote atakalodai. Na akianza jeuri ya kweli, kuwafungia nje au kuongeza hela, nenda kwa sheha, ndo kama mwenyekiti wa mtaa huko kwenu. Kila shehia huku ina sheha wake, muulize mtu yeyote njiani atakupeleka mpaka barazani kwake. Wenye nyumba wengi wasioogopa kitu wanamwogopa sheha, na pia wanajua nyumba ya wageni inatakiwa isajiliwe Kamisheni ya Utalii, neno hilo ukilitaja kwa upole tu mara nyingi simu zinaanza kupokelewa.

Kijana msimamizi usigombane naye. Yeye ni wa kutumwa, hiyo elfu thelathini huenda hata haijui inakokwenda. Ndo mtu wako wa muhimu hapo, anajua maji yanajaa saa ngapi, nani ana samaki, mama gani wa jirani anaweza kuja kukupikia wali wa nazi na changu wa kupaka kwa hela kidogo. Na hili nakushauri kweli, angalau siku moja usipike. Umepika miaka tisa, umekuja likizo, siku ya kwanza asubuhi nakukuta kwenye jiko la mkaa! Hiyo ndo shida ya nyumba ya kukodi, ina jiko, na palipo na jiko mama anarudi kazini.

Kitu kingine, mkipita kijijini jifunge khanga, na watoto wakubwa wavae fulana, nguo za kuogelea ziishie mchangani. Huku ni kwa watu, wanaishi.

Kuhusu mume wako. Huyo hajakununia kwa sababu ya matope. Mwanaume amefika na mama yake mzazi, usiku, geti limefungwa, anaombwa hela mbele ya watoto na mkoba wa safari umeshika wewe. Nauliza tu, ulimshirikisha kwenye kupanga, au ulimpa tarehe na tiketi? Simaanishi umekosea, hela ni yako na jasho ni lako. Lakini asubuhi mpe kazi moja iwe yake kabisa, huo mtungi wa gesi kwa mfano, aongee yeye na mwenye nyumba kwa simu baada ya wewe kutuma picha. Atarudi anaongea, utaona.

Jumanne mkiondoka piga tena picha mita na vyumba, kijana akague vitu mbele yenu, elfu hamsini irudi mkononi kabla mabegi hayajaingia kwenye gari. Kama muda upo, jioni moja kabla ya hiyo Jumanne piteni Forodhani, ile bustani ya mjini yenye vyakula, mama mkwe ale urojo. Boti pandeni ya asubuhi, mle kidogo kabla, na mkae nyuma chini, siyo mbele juu, mbele ndo panaporuka zaidi.

Nasubiri habari za vikombe viwili.

*Shangazi*

(Jumapili usiku kaniandikia: gesi imeletwa, neti bado, mume kaongea, na mama mkwe kaonja vikombe vyote viwili akasema cha bomba ndo kina ladha, anataka kurudi na chupa moja Moro.)